HDL nyingi au HDL yenye kazi? Kulinganisha njia za kuzuia mafuta ya damu yasichache

Tuanze na karatasi tatu za maabara, za watu A, B na C waliopimwa mafuta ya damu: kolesteroli (lehemu), ambayo sehemu yake iko kwenye HDL, inayoitwa "lehemu nzuri", na sehemu kwenye LDL, inayoitwa "mbaya"; na trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu. Namba ziko kwa milimoli kwa lita (mmol/L), kipimo kinachotumiwa na maabara nyingi za Afrika Mashariki. Ukipimwa Marekani, au mara nyingine Ghuba, utapewa miligramu kwa desilita (mg/dL). Hapo gawanya kolesteroli kwa 38.67 na trigliseridi kwa 88.57, utapata kipimo hiki hiki.

| | A | B | C |
|---|---|---|---|
| Kolesteroli yote | 5.6 | 5.6 | 7.4 |
| HDL | 0.9 | 1.8 | 2.1 |
| Trigliseridi | 2.4 | 0.9 | 1.1 |
| LDL (kwa hesabu) | 3.6 | 3.4 | 4.8 |
| Kolesteroli isiyo HDL | 4.7 | 3.8 | 5.3 |

Mstari wa LDL mara nyingi haupimwi, unakokotolewa: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Kanuni hii ya mwaka 1972 haifai trigliseridi zikizidi 4.5. Mstari wa mwisho ni rahisi zaidi, yote toa HDL, na hauhitaji mtu kulala na njaa.

Anayetazama mstari wa kwanza tu ataona A na B wako sawa, na wala hawako sawa. Anayetazama mstari wa pili tu atampa C zawadi, kwa sababu "lehemu nzuri" yake imewapita wote. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi, maana linasikika kama habari njema. C ndiye anayeambiwa kliniki, "Nzuri yako iko juu, usijali," huku kolesteroli isiyo HDL aliyobeba ikiwa ndiyo kubwa kuliko ya wenzake wote. HDL haifuti LDL kama deni linavyofutwa kwa malipo.

Swali basi si "nitaipandishaje HDL?" bali ni kipi kati ya vinavyouzwa na kushauriwa kinaisaidia HDL kufanya kazi yake, na kipi kinapandisha namba tu.

Kazi yenyewe

Kolesteroli ni kama nta, haiyeyuki kwenye damu. Ini huifunga ndani ya vifurushi vya mafuta na protini. LDL ni kifurushi kinachosambaza. HDL ni kidogo kuliko vyote, upana wake nanomita 7 hadi 12, na kimejaa protini kuliko mafuta.

Ukitaka kuelewa uharibifu, kumbuka karanga zilizokaa muda mrefu kwenye mfuko wazi. Harufu ile na ule ukakasi kooni ni mafuta yaliyoshikwa na oksijeni, yaani yaliyochacha. Ndivyo LDL inavyofanyika ikipenya ukuta wa ateri na kunaswa humo. Asidi moja ya mafuta ikishaoksidika inaiharibu ya jirani, na ya jirani inaiharibu inayofuata. Sasa, seli ya kawaida ina mlango wa kuingizia LDL nzima, na mlango huo hujifunga seli ikishiba. Michael Brown na Joseph Goldstein walipata Nobeli mwaka 1985 kwa kugundua mlango huo. Lakini LDL iliyochacha haipiti hapo. Inaingia kwa mlango mwingine wa seli nyeupe zinazokula taka, na mlango huo haujui kufunga. Seli inakula hadi inajaa matone ya mafuta na kuonekana kama povu chini ya hadubini. Povu likirundikana ndipo unapata uvimbe wa mafuta ndani ya ukuta wa ateri. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu inaganda juu yake: mshtuko wa moyo, au kiharusi.

HDL inaingilia mnyororo huo katika sehemu zaidi ya moja. Imebeba kimeng'enya kiitwacho paraoksonesi 1, kwa kifupi PON1, kinachotengenezwa na ini na kinachohitaji kalsiamu ili kufanya kazi. Jina lake linatokana na paraoksoni, sumu ya jamii ya viuatilifu vya shambani, ambayo kimeng'enya hiki huivunja. Mwaka 1991 Mike Mackness na wenzake wa Manchester walionyesha kwamba PON1 inazuia mafuta yaliyooksidika yasirundikane kwenye LDL. Protini kuu ya HDL, apoA-I, nayo inayapokonya mafuta yaliyoharibika oksijeni yake ya ziada na kuyatuliza. Halafu kuna kazi ya kufagia: apoA-I inapokea kolesteroli kutoka kwenye seli zilizojaa povu kupitia pampu inayoitwa ABCA1 na kuirudisha kwenye ini. Waliozaliwa bila pampu hiyo wana ugonjwa wa Tangier, uliopewa jina la kisiwa kimoja cha Virginia. HDL yao inakaribia sifuri, na tonsili zao zimevimba kwa rangi ya chungwa kwa kolesteroli iliyokosa pa kutokea.

Kuna kazi nyingine isiyohusu moyo kabisa, ila ni ya huku kwetu. Mbung'o hubeba vimelea wa nagana wanaoua ng'ombe, lakini kimelea huyo, *Trypanosoma brucei brucei*, hawezi kumwambukiza binadamu. Sababu iko ndani ya HDL: baadhi ya vifurushi vyake vimebeba protini APOL1 inayomtoboa kimelea hadi anapasuka. Ndugu yake wa Afrika Mashariki, *rhodesiense*, ana protini ya kuizima APOL1, ndiyo maana yeye huleta malale kwa watu. Kwa hiyo HDL ni gari la mizigo, na linalokulinda ni mzigo uliomo. Idadi ya magari barabarani haikuambii yamepakia nini.

Namba dhidi ya kazi

HDL hupoteza mzigo wake. Mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe wa muda mrefu, ini hutoa protini nyingine, amiloidi A ya damu, ambayo inaisukuma apoA-I na PON1 nje ya kifurushi. Sukari ikiwa juu kwa miezi, inajigandisha kwenye protini za HDL na kuzilemaza. Sigara inapunguza nguvu ya PON1. Katika hali zote hizi maabara inaweza kusoma HDL 1.3 na ikawa kweli ni 1.3, lakini ni HDL iliyochoka.

Hilo halikujulikana vizuri wakati kampuni za dawa zilipoanza kufukuza namba. Walikuwa na sababu: tangu utafiti wa mji wa Framingham, Marekani, ulipotoa takwimu zake za HDL mwaka 1977, ilionekana wazi kwamba wenye HDL ndogo hupata mshtuko wa moyo zaidi. Basi tupandishe. Dawa ya kwanza, torcetrapib, ilipandisha HDL kwa asilimia 72 kwa watu zaidi ya 15,000 waliogawanywa kwenye jaribio, na jaribio likasimamishwa Desemba 2006 kwa sababu waliokuwa wakimeza dawa walikufa zaidi. Dalcetrapib ilipandisha kwa theluthi hivi, haikusaidia. Evacetrapib ilipandisha zaidi ya maradufu, haikusaidia. Anacetrapib, mwaka 2017, ilipunguza matukio ya moyo kwa asilimia 9, na hesabu ikaonyesha kwamba faida hiyo inaelezeka kwa kushuka kwa kolesteroli isiyo HDL.

Urithi nao ulitoa ushahidi uleule. Kuna watu waliozaliwa na badiliko la jeni ya kimeng'enya cha lipesi linalowapa HDL ya juu maisha yao yote. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba hawapati mshtuko wa moyo pungufu kuliko wengine. Wengine wana hitilafu kwenye mlango wa ini unaopokea mzigo wa HDL. Namba yao iko juu sana kwa sababu magari yamekwama foleni nje ya ghala, na hatari yao ya moyo imeongezeka. Huko Copenhagen, uchunguzi wa mwaka 2017 ulikuta vifo vichache zaidi kwa wanaume wenye HDL ya karibu 1.9 na wanawake wa karibu 2.4. Kupita hapo kwa mbali, vifo vilipanda tena.

Upande wa pili wa mizani: mwaka 2014, Dallas, watu 2,924 wasio na ugonjwa wa moyo walipimwa si wingi wa HDL bali uwezo wake wa kutoa kolesteroli kwenye seli. Robo yenye uwezo mkubwa ilikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 67 kuliko robo ya chini, hata baada ya kuhesabu wingi wa HDL. Kipimo hicho hakipo kwenye maabara za kawaida, kinahitaji seli hai. Anayekuuzia "kipimo cha nguvu ya HDL" kwa kukuchoma kidole sokoni anakula pesa yako.

Kwa msomaji mwenye asili ya Afrika kuna jambo la ziada. HDL ndogo ni moja ya kasoro zinazojitokeza sana kwenye vipimo vya mafuta barani kwetu. Lakini uchunguzi mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022, wenye watu 23,901, ulikuta HDL ndogo ikitabiri ugonjwa wa moyo kwa Wazungu, si kwa Weusi. HDL kubwa haikuwa kinga kwa kundi lolote. Haimaanishi HDL 0.8 ipuuzwe. Maana yake ni kwamba ukiiona, tafuta kilichoishusha badala ya kununua cha kuipandisha.

Vidonge: vipi vinafaa, vipi ni hasara

Niasini, yaani vitamini B3 kwa dozi kubwa ya gramu moja hadi mbili kwa siku, ilikuwa bingwa wa kupandisha HDL. Uso unawaka kama umepakwa pilipili. Jaribio la watu 25,673 lililotolewa mwaka 2014 liliiongeza juu ya statini, dawa za kushusha LDL: HDL ilipanda, mishtuko ya moyo haikupungua, na kisukari, maambukizi na kutokwa damu vikaongezeka. Hakuna sababu ya kuitumia kwa lengo hili leo.

Vitamini E, C na beta-karotini zinauzwa kwa hoja inayovutia: kama tatizo ni mafuta kuchacha, si umeze kizuia-kuchacha? Uingereza walijaribu kwa watu 20,536: kila siku miligramu 600 za vitamini E, 250 za C na 20 za beta-karotini kwa miaka mitano. Matokeo mwaka 2002: hakuna tofauti kwenye moyo wala vifo. Jaribio dogo la mwaka 2001 lilionyesha kitu kibaya zaidi, kwamba mchanganyiko wa aina hii ulipunguza faida ya statini na niasini kwenye HDL. Na kwa mvutaji sigara, vidonge vya beta-karotini viliongeza saratani ya mapafu. Karoti na mchicha kwenye sahani havina tatizo hilo.

Juisi ya komamanga iliongeza nguvu ya PON1 kwa karibu asilimia 20 kwenye utafiti mdogo wa Israeli wa mwaka 2000, kwa wanaume wachache wenye afya na kwa wiki mbili. Inywe kwa sababu ni tamu. Kwa mwenye kisukari, kumbuka ina sukari.

Statini ndiyo inayopandisha HDL kidogo sana, asilimia 5 hadi 10, na ndiyo inayookoa maisha. Inashusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50 kulingana na aina na dozi, na kila milimoli moja ya LDL inayoshuka inapunguza mishtuko ya moyo na viharusi kwa takriban moja ya tano. Hesabu yake iko wazi: LDL ikipungua ukutani, kuna kidogo cha kuchacha, na HDL uliyo nayo inamudu. Wapo wanaopata maumivu ya misuli, na sukari inaweza kupanda kidogo. Mjamzito kwa kawaida haanzi dawa hii, na aliyeshika mimba akiwa anaitumia amwambie daktari mara moja. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonavir au kobisistati asipewe simvastatini kabisa, maana inarundikana mwilini na kuvunja misuli. Kwa wenye VVU kuna pitavastatini: jaribio la watu 7,769, ambalo lilikuwa na vituo hadi Uganda, lilionyesha mwaka 2023 kwamba inapunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35.

Miguu, sigara, kitambi

Hapa namba hupanda kidogo, lakini mzigo wa HDL unarudi. Kuacha sigara huongeza HDL kwa takriban 0.1 mmol/L. Mazoezi ya kutoa jasho yanaongeza chini ya hapo, kama 0.065 kwa wastani. Chini ya dakika 120 kwa wiki hutaona mabadiliko, na muda wa kila zoezi una uzito kuliko ukali wake. Dakika 40 za kutembea haraka mara nne kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, zinatosha kuanzia. Vipindi vya dakika kumi kumi havifanyi kazi hii vizuri.

Kinachotokea ni hiki: msuli unaofanya kazi unatengeneza zaidi kimeng'enya kinachovunja vifurushi vya trigliseridi, na maganda ya vifurushi hivyo hutumika kuunda HDL. Kinyume chake ndicho kilichompata A. Soda, chai ya sukari nyingi, na wali au ugali wa kujaza sahani bila kazi ya mikono huzalisha trigliseridi. Zikizidi, zinabadilishana nafasi na kolesteroli ndani ya HDL. HDL inabaki ndogo, imejaa trigliseridi, na figo zinaiondoa haraka. Ndiyo maana HDL ndogo na trigliseridi kubwa hutembea pamoja kama mtu na kivuli chake, na ndiyo maana A hapaswi kufikiria HDL yake kwanza.

Onyo kwa anayepunguza uzito: HDL hushuka wakati kilo zinapungua, kisha hupanda uzito ukishatulia. Ukipima katikati utadhani umeharibu.

Pombe hupandisha HDL, hilo ni kweli. Pia hupandisha presha na hatari ya saratani, na hakuna mwongozo wa maana unaomwambia asiyekunywa aanze. HDL ya 2.1 kama ya C, kwa mtu anayekunywa kila siku, inaweza kuwa alama ya chupa.

Kikaangoni

Ubishi mkubwa uko jikoni, na una sababu, kwa kuwa hapa faida na hasara hazikai upande mmoja.

| Mafuta | Yaliyoshiba (yanayoganda), takriban | LDL | HDL | Yakirudiwa motoni |
|---|---|---|---|---|
| Nazi | zaidi ya 80% | hupanda | hupanda | hayachachi upesi |
| Samli | 60% | hupanda | hupanda kidogo | huvumilia, mabaki ya maziwa huungua |
| Mawese | 50% | hupanda | hupanda kidogo | huvumilia |
| Karanga | chini ya 20% | hushuka | karibu palepale | wastani |
| Zeituni | 14% | hushuka | hupanda kidogo | huvumilia kiasi |
| Alizeti | 11% | hushuka zaidi | palepale | huchacha upesi |
| Mafuta magumu ya kiwandani yenye transi | hutofautiana | hupanda | hushuka | yaepuke |

Nazi ndiyo inayozua kesi kuanzia Lamu hadi Mtwara. Wanaoitetea wanasema inapandisha kolesteroli nzuri, na hawadanganyi. Majaribio yaliyokusanywa mwaka 2020 yalikuta kwamba, ikilinganishwa na mafuta ya mimea yasiyo ya nchi za joto, mafuta ya nazi huongeza HDL kwa karibu 0.1 mmol/L na LDL kwa karibu 0.27. Baada ya yote tuliyosema kuhusu HDL ya kupandishwa, unajua lipi kati ya hayo mawili lina uzito. Lakini tofautisha mafuta ya nazi na tui. Tui zito la kwanza lina karibu gramu 20 za mafuta kwa kila mililita 100. Tui jepesi la pili lina sehemu ndogo ya hapo. Samaki wa kupaka au maharage yaliyopikwa kwa tui la pili, kisha vijiko vichache tu vya tui zito mwishoni kwa ladha, si sawa na kukaangia mafuta ya nazi kila siku. Hakuna haja ya kuivunja mbuzi ya kukunia nazi.

Mawese mekundu ya Kigoma, Burundi na Kongo yana karotini na jamii ya vitamini E inayozuia kuchacha, na kwa mtoto anayekosa vitamini A hilo ni jambo kubwa. Kwa LDL ya mtu mzima bado ni nusu mafuta ya kuganda. Na mengi ya "mafuta ya kula" ya kupima dukani ni mawese yaliyosafishwa, karotini zote zikiwa zimeondolewa. Utayajua kwa baridi: asubuhi ya Julai kule Njombe au Limuru chupa inatengeneza ukungu na kuanza kuganda chini, ilhali alizeti inabaki angavu. Usibabaishwe na maandishi "Haina kolesteroli". Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabika. Kinachopandisha LDL ni mafuta yaliyoshiba na transi (mafuta ya mimea yaliyogandishwa kiwandani), kwa hiyo soma mstari huo kwenye lebo. Shirika la Afya Duniani linataka transi ya viwandani isizidi gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta yote.

Sasa utata. Yale yanayovumilia moto ndiyo yanayopandisha LDL, na yale yanayoshusha LDL ndiyo yanayochacha upesi kwenye karai. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linolei karibu asilimia 60, na hiyo ndiyo oksijeni inaipenda. Ukikaangia mihogo leo, sambusa kesho, na samaki keshokutwa kwenye mafuta yaleyale, umelifanya kikaangoni lile jambo unaloogopa lifanyike kwenye ateri. Wala si mfano tu: watafiti wa New Zealand mwaka 1999 waliwalisha wanaume mlo wenye mafuta chakavu ya kukaangia, na nguvu ya PON1 kwenye damu yao ikashuka saa chache baadaye.

Uamuzi wetu ni kuchagua kwa kazi, si kwa jina. Kuunga mboga, maharage na mchuzi: alizeti au karanga, vijiko viwili vikubwa kwa sufuria ya watu wanne. Kachumbari na vya kumwagia juu: zeituni ya kukamuliwa bila kemikali, kama mfuko unaruhusu. Ile chungu inayokwaruza koo ndiyo yenye polifenoli, kemikali za mmea zinazozuia kuchacha. Kwenye utafiti wa Ulaya wa mwaka 2006, wanaume 200 walikunywa mililita 25 kwa siku kwa wiki tatu: kadiri polifenoli zilivyokuwa nyingi, ndivyo LDL iliyochacha ilivyopungua na HDL ilivyopanda. Zeituni iliyosafishwa, isiyo na uchungu, haikufanya hivyo vizuri. Ukiinunua kwa bei ya zeituni umelipia chupa.

Kukaanga kwa kuzamisha kuwe kwa nadra, mara moja kwa wiki au pungufu, na ukikaanga:

- Moto uwe nyuzi 170 hadi 180. Bila kipimajoto, tone la donge la unga lizame kidogo kisha lipande na mapovu mara moja. Likibaki chini, mafuta ni baridi na chakula kitayanywa. Likiwa jeusi papo hapo, punguza moto.
- Karai lisiwe na kutu wala la shaba tupu. Chuma na shaba huharakisha kuchacha.
- Chumvi tia baada ya kuopoa.
- Chuja makombo yakiwa ya uvuguvugu, funika, weka gizani. Alizeti rudia mara moja, mbili kwa kikomo.
- Usijazie mafuta mapya juu ya ya zamani. Ya zamani yanayachachisha mapya.
- Mwaga ukiona moshi unatoka mapema kuliko awali, povu halitulii, au kidole kinanata.

Alizeti ya mashine ndogo za Singida na Dodoma, isiyosafishwa, ina harufu nzuri na vitamini E yake, lakini inatoa moshi mapema. Ni ya kuungia kwa moto wa chini. Na chupa angavu iliyopangwa kibarazani mwa duka juani tangu Jumatatu imeshaanza kuchacha kabla hujaifungua. Chukua iliyo ndani, chupa ndogo ya kumaliza kwa mwezi.

A, B na C wafanyeje

A apime sukari wiki hii, ikiwezekana HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu), na kiuno. Aache soda kabisa na sukari ya chai aipunguze kwa nusu, atembee zile dakika 160. Mafuta ya kupikia ni jambo la pili kwake. Dawa ataamuliwa kwa jumla ya hatari zake: umri, presha, sigara, kisukari.

B asinunue chochote. LDL ya 3.4 inafaa kufuatiliwa, na akiwa anakaangia nazi kila siku, kubadili mafuta peke yake kunaweza kuishusha.

C ndiye wa kumwona daktari, licha ya HDL yake. LDL ya 4.8 iko karibu sana na 4.9, kiwango ambacho miongozo mingi hupendekeza statini bila kungoja hesabu nyingine. Kama baba au kaka yake alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, kuna uwezekano wa kolesteroli ya kurithi, na watoto wake wapimwe. Tezi ya shingo nayo ipimwe, maana ikilegea hupandisha LDL.

Kupima tena kuwe baada ya wiki 8 hadi 12, maabara ileile. Usipime ukiwa unaumwa malaria au nimonia, au umetoka kuumwa. HDL hushuka mwili unapopambana, kwa hiyo ngoja wiki nne hadi sita. Aliyejifungua naye angoje angalau wiki sita. HDL ya mtu mmoja hucheza asilimia kadhaa kutoka siku hadi siku bila sababu yoyote, hivyo kutoka 0.9 hadi 1.0 kwa A bado si habari. Trigliseridi zake zikitoka 2.4 hadi 1.4, hiyo ndiyo soda aliyoiacha.